Dobi Aliyejiita Mlevi

Aliyeingia ni baba mkwe wake.

Msomaji, kama wiki nzima umekuwa ukijiuliza ni nani aliyesukuma mlango wa lile darasa wakati dobi wetu amesimama mbele ya watu na maneno "mimi ni mlevi" yakiwa yameshamtoka, basi sasa unajua, na pole. Hata mimi ninayeandika nilitamani awe mtu mwingine. Jirani mmbeya, mwenye nyumba, hata polisi angekuwa afadhali. Lakini aliyeingia ni mzee aliyemzaa mumewe, viatu vimepigwa rangi, shati limenyooka, kofia mkononi kama siku zote.

Kwa aliyejiunga nasi leo, dobi huyu hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Hata dawa ya kikohozi yenye ukali humkaba roho. Mlevi ni mumewe. Ni mwendesha winchi, na wenzake humwita Bwana Juu kwa sababu siku nzima hukaa ndani ya kibanda cha vioo kileleni mwa mnara wa chuma, akipitisha mabomba na saruji juu ya vichwa vya watu. Mtu wa kazi hiyo ndiye anayepiga mafunda asubuhi kabla ya kushika ngazi.

Dobi alimbembeleza aende kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe, akacheka. Akamlilia, akanuna siku nzima. Ndipo mwanamke akaamua kwenda mwenyewe, ajifunze wanachofanya wenzake, kisha amletee mumewe nyumbani kama mtu anavyomletea mgonjwa dawa. Mlangoni wakamwambia humo hakuna watazamaji, kila anayeingia ni mgonjwa. Naye kwa kutapatapa akasema hata yeye ni mgonjwa.

Kikundi chenyewe alikijua kwa pua. Kulikuwa na mteja wake mmoja wa mashati ya mistari, ambaye nguo zake zilifika dukani zikinuka kama sakafu ya baa. Ghafla zikaacha kunuka. Dobi akamvuta pembeni akamuuliza amefanyaje, na yule bwana, baada ya kuangalia kushoto na kulia, akamwelekeza kwenye darasa la chuo cha udereva. Wanakutana mchana, wakati wanafunzi wako barabarani wakiwatisha waenda kwa miguu.

Basi humo ndimo alimosimama, chini ya picha za kona kali na punguza mwendo, anamtazama baba mkwe, na baba mkwe anamtazama. Alijua amefuatwa, amekamatwa, na kabla jua halijazama ukoo mzima utaambiwa.

Lakini mzee alipita katikati ya viti hadi kile cha mbele ambacho hakuna aliyekikalia, akatundika kofia yake kwenye usukani wa mbao wanaojifunzia wanafunzi, bila hata kuangalia mkono unaenda wapi, kama mtu aliyefanya hivyo kwa miaka. Kisha akabaki amesimama.

"Mimi ni mlevi," alisema. "Leo sijanywa."

Watu wote wakamwitikia. Dobi alikaa bila kujua amekaa.

Nyumbani kwao inajulikana kwamba mzee huenda kupimwa presha. Mara mbili kwa wiki, mvua au jua. Hakuna aliyewahi kujiuliza ni presha gani hiyo isiyoisha kupimwa. Mzee mwenyewe alikuwa nyapara mkuu wa majengo enzi zake, mtu mkali, na hata leo akiwa amestaafu mafundi bado wanamwita Mzee Nyapara na kuficha sigara wakimwona.

Anayeongoza kikundi ni mkunga mstaafu, mwanamama mpana mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Aliwakumbusha kanuni kwa ajili ya mgeni. La humu halitoki humu, hata nyumba ikiungua. Na kila mtu anaongea habari zake mwenyewe, hatumleti hapa asiyekuwepo. Kisha akasema kila mgeni hupewa mlezi, mtu wa kumtembelea na kumpokelea simu usiku wa manane. Mlezi huwa ndiye aliyekaa muda mrefu zaidi bila pombe.

Macho yote yakageukia kiti cha mbele. Ungekuwa wewe, msomaji, ungesema nini? Dobi akapewa baba mkwe wake.

Waliondoka pamoja kwa miguu, mzee mbele kidogo, mkwe nyuma kidogo, wote wakitazama chini kwa aibu ya kuonana uchi wa roho. Walipofika kwenye kona ndipo mzee aliposimama.

"Mwanangu, tangu lini?"

"Muda kidogo, baba."

"Na mume wako anajua?"

"Anajua."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Akasema ndiyo maana mtoto wake amekonda. Yale macho mekundu alidhani ni upepo wa huko juu, kumbe kijana halali, anakesha akimuuguza mke. Akasema hamlaumu, ugonjwa ni ugonjwa, na kwamba tangu leo yeye si mkwe kwake, ni mlezi, amtume kama anavyomtuma kaka yake.

Dobi alitamani ardhi ipasuke. Kwa nini hakusema palepale? Nami nilimuuliza hivyo, tena kwa hasira. Lakini mnamjua mzee mwenyewe. Ndiye aliyemwombea mwanawe kazi ya winchi, na siku anamkabidhi kwa mhandisi aliapa mbele ya watu kwamba mlevi akipanda ule mnara atamshusha kwa mikono yake, awe amemzaa au hajamzaa. Bwana Juu naye alishamwambia mkewe kwamba siku baba akijua, ndoa imeisha. Mwanamke akaona bora yeye aitwe mlevi kuliko nyumba ibomoke. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na mume wa kumlinda.

Kesho yake jioni mzee alikuja. Kwao chumba cha mbele ndilo duka la udobi, cha nyuma ndiyo nyumba, na katikati kuna pazia na mvuke. Alimkuta dobi anapiga pasi. Akavua kofia, akasema kwa upole kwamba kazi ya kwanza ya mlezi ni kuzitoa chupa ndani, na akamwomba amwonyeshe alikozificha.

Dobi alisema hakuna. Mzee akatabasamu kwa huzuni. Mlevi wa zamani haonyeshwi njia. Alipapasa nyuma ya ngoma ya kufulia, akainama chini ya meza ya pasi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kopo la wanga la kukazia kola, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa ulikuwa mweupe kama wa mwoka mikate, umeshika chupa mbili bapa.

Dobi hakuwahi kujua zimo humo. Mkono wake uliingia kwenye kopo lile kila siku, juu juu tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa dobi msemo huo ulikuwa umefika mlangoni kabisa.

Wakati huohuo mlango wa nje ukafunguka, akaingia Bwana Juu kutoka kazini.

Mzee asingeweza kuvunja kanuni. Hakusema neno juu ya kikundi wala juu ya mkwe wake. Aliziinua tu zile chupa.

"Hizi ni za nani?"

Bwana Juu aliziangalia chupa zake. Akamwangalia baba yake. Kisha akamwangalia mkewe, na mke aliona jinsi yale macho yalivyotafuta mlango wa kutokea yakaupata kwake.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya suruali ya mtu, ikaanza kutoa harufu. Dobi aliinyanyua.

"Ni zangu, baba," alisema.

Nimeandika hadithi nyingi gazetini humu, na nimeua watu wengi kwa kalamu, lakini sijui kama kuna kitu kiliniuma kama lile jibu. Alilitoa kwa sauti ya mtu anayemwambia mteja kwamba nguo zake ziko tayari. Mumewe hakupinga. Aliinama kufungua viatu.

Mzee Nyapara alizimwaga chupa zote mbili kwenye karo la kufulia, zikachanganyika na maji ya kijivu ya sabuni. Kisha akaenda kumshika mwanawe bega. Akamwambia pole, umebeba mzigo huu peke yako na baba yako nakuona. Akasema mhandisi alikuwa amemtaka ushauri kuhusu tangi kubwa la chuma linalopandishwa juu ya paa Alhamisi, nani apewe kulinyanyua, naye alisita kumtaja mwanawe kwa sababu alimwona amechokachoka. Sasa ameijua sababu, na si aibu ya kijana. Atampigia mhandisi usiku huohuo. Na yeye mwenyewe atakuja kusimama chini kutoa ishara, kama zamani.

"Ukisita huko juu, nitazame," alimwambia. "Utaniona nimesimama chini ya mzigo, nimevua kofia ngumu. Manyapara wa enzi zetu tulifanya hivyo kumwonyesha mwendeshaji kwamba tunamwamini. Siku hizi wamepiga marufuku, lakini wewe ni mwanangu."

Mzee alipoondoka, mume na mke walibaki na mvuke katikati yao. Dobi alingoja aombwe radhi. Hakuombwa. Bwana Juu alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama mikono yake.

"Baba akisimama chini siwezi kuwa nimekunywa," alisema. "Basi. Nimeacha."

Nadhiri za namna hiyo dobi alishazisikia hadi zikachuja rangi. Akarudi kwenye pasi yake.

Jumatano upepo ulivuma, winchi zote mjini zikafungwa, na Bwana Juu akashinda chini ya blanketi akisema ni mafua. Jasho lilimtoka hadi shuka likabidi kubadilishwa. Hakutoka kwenda popote. Hakumtuma mtu dukani. Usiku alikuwa akishtuka na kukaa kitako, kisha anajilaza tena.

Alhamisi asubuhi upepo ulitulia. Alikunywa chai ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, akasema ni baridi, akaenda zake kazini. Dobi aliokota shati alilolalia, na kwa mazoea ya miaka akalipeleka puani.

Halikunuka pombe. Lilinuka jasho tu, jasho la mtu.

Alilinusa tena, kwapani, kwenye kola, mbele. Hakuna. Ninaona vibaya kuwaambia jinsi mwanamke huyu alivyofurahi. Aliimba. Alichoma kola ya mteja kwa furaha na hakujali. Aliona uongo wake umezaa kheri, kwamba hata kama watamwita mlevi hadi uzeeni, mume wake amepona, na mchana akaenda kwenye kikao akiwa na uso wa mtu aliyepokea mahari ya binti yake.

Dirisha la lile darasa linatazama majengo yanayojengwa, anakofanya kazi Bwana Juu. Kutoka kwenye kiti chake aliuona mkono wa winchi ukiwa umetulia dhidi ya mawingu, na kibanda cha vioo kikiwaka kwa jua. Mzee Nyapara alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, kofia kwenye usukani. Alikuwa ameaga mapema kwamba ataondoka kabla ya mwisho, anangojwa kazini.

Mkunga alianza na onyo. Alisema kuna mwenzao mmoja aliyeona kikundi kinamchelewesha, akaacha pombe peke yake nyumbani, ghafla, kwa ushujaa. Akaanguka kifafa kwenye foleni ya benki. Pombe iliyokaa mwilini miaka, alisema, si ya kukatwa kama umeme. Siku ya kwanza ni mikono na jasho. Siku ya pili ni mwili mzima. Wengine huona wadudu wakitembea ukutani, wengine huanguka na hawaamki. Mtu wa namna hiyo anaanzia kwa daktari, si kwa kiapo.

Dobi alihesabu moyoni, kutoka lile karo la kufulia hadi saa ile. Kikombe kwa mikono miwili. Shuka lililoloa. Furaha yake yote ikageuka maji ya baridi.

Mbele, Mzee Nyapara alikuwa anachukua kofia yake. Akawaomba radhi wenzake, akaelekea mlangoni, na dobi akasimama katikati ya njia.

"Baba, usiende. Zile chupa si zangu. Ni za mwanao. Mimi sinywi, sijawahi kunywa."

Alidhani paa litaanguka. Alidhani watu watapiga kelele, mzee atamshika mkono, watakimbia wote hadi kule kwenye majengo.

Hakuna aliyeshtuka. Yule bwana wa mashati ya mistari aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia wimbo wa zamani anaoujua. Mama mmoja akamsogezea kiti. Mkunga akaja na glasi ya maji, uso umejaa huruma.

Wote tulipita hapo, alimwambia. Yeye mwenyewe alikuwa akisema chupa ni za wagonjwa wodini. Bwana wa mistari alimsingizia mlinzi wa usiku hadi mlinzi akafukuzwa kazi. Kila mmoja alikuwa na mtu wake, shemeji, mpangaji, fundi bomba, na wakacheka kidogo, kicheko cha upendo, cha kumkaribisha nyumbani. Wakasema hiyo ni hatua nzuri, kuliko kunyamaza.

Dobi akawaambia wamnuse mdomo. Wakasema hakuna haja. Akasema mume wake yuko juu ya winchi sasa hivi, mikono inatetemeka. Mkunga akamkumbusha kwa upole kwamba hapa hatumleti asiyekuwepo.

"Muulize mwanao, baba," alisema dobi, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Muulize yeye."

"Nilimuuliza, mwanangu," alijibu mzee. "Ukajibu wewe."

Ingekuwa heri mzee angeondoka hapohapo, lakini alimhurumia, akamwambia jambo ambalo, nadhani, hakuwahi kumwambia mtu nje ya chumba kile. Alisema yeye alimsingizia mke wake. Kila chupa iliyoonekana alisema ni ya mama watoto, na mama watoto, kwa kumsitiri, alikubali. Marehemu alizikwa majirani wakinong'ona kwamba pombe ndiyo iliyommaliza, na hakuwahi kugusa hata tone.

"Ndiyo maana sitakubali," alisema. "Sitakubali mtu amfanyie mwanangu nililomfanyia mama yake."

Alisema hivyo akimtazama machoni mwanamke aliyefanyiwa jambo lilelile. Hakuona. Mtu aliyepigana na uongo wake mwenyewe maisha yote huuona kila mahali, na ukweli ukimjia ukilia hivi huudhani ni uleule wa zamani.

Dobi alimwomba basi asimame pembeni, asikae chini ya tangi, hilo tu. Mzee akavaa kofia. Akasema hata angemwamini, la humu halitoki humu. Kanuni hiyo ndiyo iliyomwokoa na hataivunja siku moja ili aende kumtia mwanawe hofu kazini. Mlango ukafungwa nyuma yake taratibu.

Dobi alitaka kumfuata, wakamzuia. Si kwa ukatili, na hilo ndilo baya. Walimzuia kwa mapenzi. Walijua kwamba mlevi akitoka kwenye kikao analia hivyo, anakwenda moja kwa moja baa. Mkunga alimkumbatia kwa ile mikono iliyozoea kuwashika wanawake wanaotaka kuukimbia uchungu, na kadiri alivyojinasua ndivyo walivyozidi kumwonea huruma. Mmoja alimpapasa mgongo. Mwingine alimwambia apumue.

Dirishani, mkono wa winchi ulianza kuzunguka.

Aliwaponyoka pale wanafunzi wa udereva waliporudi na kujazana mlangoni. Aliacha ndala moja, akaacha mkoba, akakimbia na simu tu mkononi. Nyuma alimsikia bwana wa mistari akimwita, naye anakuja mbio.

Kwenye geti la majengo mlinzi alinyoosha fimbo. Asiye na kofia ngumu haingii. Dobi akamwambia kuna mtu atakufa. Mlinzi akasema hapo kila siku kuna mtu anayekuja na habari hiyo, hasa wake za mafundi, na kwamba leo hakuna wasiwasi, nyapara wa zamani mwenyewe ndiye anayesimamia.

Alishika wavu kwa vidole vyote. Tangi lilikuwa limeshaondoka ardhini, kubwa kama chumba, linapanda polepole. Chini, mbali nalo kidogo, alisimama mzee amevaa kofia ngumu ya njano, mkono umenyooka juu, kidole kinazunguka. Pandisha. Wafunga mizigo walikuwa wametulia kumtazama, maana walikuwa hawajaona ishara safi namna ile siku nyingi.

Tangi likafika katikati ya jengo, likasimama.

Mzee akazungusha kidole. Tangi halikusogea. Akazungusha tena. Kaupepo kadogo kakaja, tangi likaanza kujigeuza taratibu kwenye kamba zake, na fundi mmoja akatania kwamba huko juu labda bwana kasinzia.

Simu ikaita mkononi mwa dobi. Ilikuwa namba ya mumewe.

"Mke wangu," alinong'ona. "Mikono haishiki."

"Shusha mzigo. Ita mtu."

"Sijanywa. Haki ya Mungu, tangu juzi sijagusa. Nilitaka leo niwe mzima, baba anione." Pumzi yake ilikuwa ya mbwa aliyekimbizwa. "Nani kaweka wadudu humu? Wamejaa kwenye vioo. Simwoni mtu vizuri."

"Hakuna wadudu. Nisikilize. Usiguse kitu chochote, nakuja."

"Usimwambie baba."

Dobi alimgeukia mlinzi akamsihi apulize filimbi, amtoe yule mzee pale. Alisema mwendeshaji ni mgonjwa, anampigia simu sasa hivi, msikie. Mlinzi alisita. Alianza hata kunyoosha mkono kuipokea simu. Ndipo bwana wa mashati ya mistari akafika anahema, akamshika dobi mabega kwa upole wote duniani.

"Msamehe, ndugu yangu," alimwambia mlinzi. "Ni mgonjwa wetu huyu. Hajui anachosema."

Mlinzi akaurudisha mkono wake.

Kule ndani, Mzee Nyapara aliacha kutoa ishara. Alisimama kidogo akilitazama tangi, kisha akatabasamu, kama mtu aliyekumbuka ahadi. Akatembea hatua zake za taratibu hadi chini kabisa ya lile tangi. Wafunga mizigo walimwita arudi. Akawatuliza kwa kiganja.

"Baba anafanya nini?" ilisema simu. "Anavua kofia. Mwambie asivue. Mwambie atoke hapo, atoke."

Dobi alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mashine zilikuwa zinanguruma, hakuna aliyegeuka. Ndani ya simu alisikia kitu kikigonga bati, kisha kishindo kizito, kama mtu mzima aliyeanguka juu ya vishikio vya winchi. Baada ya hapo hakukuwa na pumzi tena.

Tangi likatikisika, likaanza kusogea. Kutoka pale getini haikujulikana kama linapanda au linashuka.

Mzee alikuwa ameinua uso, kichwa wazi, mvi zake zikipeperuka. Aliona mzigo unasogea, akaamini mwanawe amemwelewa, na akamwinulia kidole gumba.